SOMO LA BUSTANI: UDONGO WA MAGADI HAUTAKI MAJIVU



Wapendwa wanavikundi, somo la toleo hili tunaliandika tukiwa na deni. Ni deni la kikundi kimoja cha akina mama kule nyanda za chini za Kajiado, upande wa kuteremka Bonde la Ufa. Kikundi hicho kilifuata ushauri wetu, kikapata hasara. Wao wenyewe wametuambia tusimulie, mradi tusitaje jina lao, ili wengine wasipite njia hiyo hiyo.

YALIYOTUPATA

Akina mama hao walikuwa 18. Mwaka mzima walichanga pesa za mzunguko na kila mwezi wakaweka kidogo kando, mpaka wakaweza kununua waya wa ua, mpira wa maji, na mbegu za sukuma wiki, vitunguu na maharagwe. Maji yalitoka kisima kirefu cha mashine kilicho karibu na kanisa.

Miche ilishika. Lakini baada ya mwezi hivi, majani machanga ya sukuma yakaanza kuwa manjano. Maharagwe yakadumaa. Vitunguu vikakauka ncha kama vimechomwa. Wakatuita. Tukaja, tukaangalia, na bila kupima chochote tukasema: "Mwagieni majivu, akina mama. Majivu ni mbolea ya bure."

Somo hilo la majivu tumelifundisha miaka mingi kule milimani, Murang'a na Nyeri, na kule lilifanya kazi. Basi akina mama wakakusanya majivu ya jikoni kwa karai, wakamwaga. Mboga zikazidi kuwa manjano. Wakaongeza tena. Msimu ukaisha bila hata mzigo mmoja kufika sokoni.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema mweka hazina alinunua mbegu feki akala chenji. Wengine walisema kuna mtu mwenye jicho baya. Siku ya mkutano mweka hazina aliweka ufunguo wa sanduku juu ya meza, akalia, akasema atafuteni mwingine. Kikundi kilikuwa kinavunjika mbele ya macho yetu.

Ndipo akaja afisa wa kilimo wa wadi na kipimo chake kidogo. Akachanganya udongo na maji safi, akapima, akasoma 8.6. Akauliza, "Nani aliwaambia mweke majivu?" Akina mama wote wakageuka wakatutazama sisi.

Tuliomba msamaha pale pale, na mweka hazina tukamwomba msamaha kwa jina lake mbele ya wote. Mbegu zake hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la dawa ya udongo mmoja kupewa udongo mwingine.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kila mwanakikundi aweze: (1) kutambua udongo wa magadi, (2) kujua mambo ya kuacha, (3) kujua mambo ya kufanya ili apate mboga katika udongo huo.

1. MAGADI SHAMBANI NI NINI?

Kila mama anayajua magadi ya kupikia. Ukiyaweka kwenye maji na kusugua vidole, yanateleza kama sabuni. Kinyume chake ni ndimu, ambayo ni chachu. Udongo nao uko hivyo. Kuna udongo chachu na kuna udongo wa magadi.

Wataalamu hupima kwa ngazi ya 0 mpaka 14, inayoitwa pH. Katikati ni 7, ambapo si chachu wala si magadi. Chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni magadi. Kila ngazi moja ni mara kumi: udongo wa 8 una nguvu ya magadi mara kumi kuliko ule wa 7. Mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7.

Udongo wa milimani kwenye majani chai ni chachu, mara nyingi kati ya 4 na 5.5. Majivu na chokaa ni vitu vya upande wa magadi, kwa hiyo kule vinapunguza uchachu na mimea inafurahi. Lakini ukivimwaga kwenye udongo ambao tayari ni 8 na zaidi, ni kama kumwongezea chumvi mtu anayelia kwamba mchuzi una chumvi.

Kwa nini mboga zinakuwa manjano? Mmea unahitaji chuma na zinki kidogo, na fosforasi kwa wingi zaidi. Vitu hivyo vinaweza kuwa vimo udongoni, lakini magadi yakizidi vinashikwa, mizizi haiwezi kuvinywa. Ni kama familia yenye njaa na mahindi yamo stoo, ila stoo imefungwa kufuli.

2. MAGADI YANATOKA WAPI?

(a) Mvua kidogo. Mahali pa mvua nyingi, maji huosha chumvi za udongo na kuzipeleka chini kabisa. Mahali pakavu kama Kajiado ya chini, Baringo ya chini na Turkana, jua huvuta maji juu, maji yanaruka hewani, chumvi inabaki. Ziwa Magadi lenyewe ni mfano mkubwa wa jambo hilo.

(b) Mwamba. Kule pwani, kwa mfano sehemu za Kilifi na Kwale, udongo mwingine umelala juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa.

(c) Maji ya kumwagilia. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji ya magadi. Ukimwagilia kila siku, kila siku unaongeza. (Maji ya namna hiyo mara nyingi yana floraidi pia, ndiyo inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kwa hiyo yapimwe hata kwa ajili ya kunywa.)

(d) Sisi wenyewe. Majivu, chokaa, na maji ya kufulia yenye sabuni ambayo tunamwaga kwenye sukuma iliyo karibu na jikoni.

3. DALILI ZA KUANGALIA

Kwenye udongo:
- Unga mweupe unaonekana juu ya ardhi maji yakikauka.
- Maji yanasimama juu badala ya kuingia, na yakikauka udongo unakuwa mgumu kama sakafu.

Kwenye majani. Hapa angalieni vizuri, maana ndipo sisi tulipokosea:
- Kama majani ya CHINI, yale mazee, ndiyo yamekuwa manjano kote, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Mmea unataka samadi.
- Kama majani ya JUU, yale machanga, ndiyo manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi ni chuma kimefungiwa. Shuku magadi.
- Majani madogo yaliyosongamana karibu karibu ni dalili ya zinki kukosekana.
- Mche uliodumaa wenye majani ya zambarau unaweza kuwa umekosa fosforasi.

4. MAJARIBIO YA KUFANYA KIKUNDINI

Jaribio la siki. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, mahali ambapo hapajawahi kumwagwa majivu (kwa sababu majivu yenyewe hutoa povu, yatakudanganya). Dondoshea siki. Ukitoa povu na kuchemka, udongo una chokaa ndani yake. Usipotoa povu bado usiseme ni salama. Endelea na jaribio la pili.

Jaribio la bonge. Jaza bilauri maji ya mvua. Weka ndani yake bonge kavu la udongo, ukubwa wa punje ya haragwe. Usitikise. Acha saa mbili. Bonge likivunjika lakini maji yakabaki maangavu, ni sawa. Lakini maji yakiwa meupe meupe kuzunguka bonge, kama chai ya maziwa, udongo una sodiamu nyingi. Huo ndio mgumu zaidi, na kipimo chake mara nyingi ni juu ya 8.5.

Kupima maabara. Hili ndilo la uhakika. Tembeeni shambani kwa kupinda pinda, mchimbe mahali 10 au zaidi, kina cha sentimeta 20. Changanyeni udongo wote katika ndoo safi, isiwe ndoo iliyobeba mbolea. Kausheni kivulini, chukueni nusu kilo, tieni kwenye mfuko safi, andikeni jina la kikundi na la shamba. Afisa wa kilimo wa wadi ataonyesha pa kupeleka. Maabara ya KALRO kule Kabete hupima udongo. Ada yake mkigawana ni ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja. Pelekeni pia chupa ya maji ya kisima.

5. MAMBO YA KUACHA

- Acha majivu, iwe ni ya mbolea au ya kuua wadudu. Kwa vidukari, toa kwa mkono au nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani.
- Acha chokaa.
- Acha kumwaga maji ya sabuni kwenye mboga. Yamwage mbali na bustani.
- Usijaribu kumwaga maji ya betri ati kwa sababu ni asidi. Yana risasi, nayo ni sumu itakayoingia kwenye mboga na kwa watoto.
- Usimwage siki au ndimu shambani. Ile ni ya kupimia tu. Udongo wenye chokaa utaimaliza yote na usibadilike.

6. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza: Lisha udongo

Dawa kubwa ya udongo wa magadi ni mbolea ya vitu vilivyooza. Vitu vikioza hutoa uchachu kidogo, tena hushika chuma na zinki kwa namna ambayo mizizi inaweza kuvinywa. Tuseme ukweli: mbolea vunde haitatoa udongo kwenye 8.6 na kuufikisha 7 kwa msimu mmoja. Lakini inafungua ile kufuli ya stoo.

Chimbeni shimo la kina cha sentimeta 60. Pahali pakavu shimo ni bora kuliko lundo, linatunza unyevu. Pangeni vijiti chini, halafu mabua makavu, halafu majani mabichi, halafu samadi, halafu udongo kidogo. Nyunyizieni maji, mrudie tena mpaka lijae, mfunike kwa nyasi. Geuzeni baada ya wiki tatu. Mkiona liko na unyevu wa kutosha, kwa miezi mitatu hivi litakuwa tayari. Kwenye masomo mengine mtaambiwa muweke tabaka la majivu. Nyinyi wa udongo wa magadi, liruke.

Kuhusu samadi ya boma la zamani: ile iliyokaa miaka mingi bila kunyeshewa mara nyingi ina chumvi nyingi, wakati mwingine unaiona nyeupe. Usiipeleke moja kwa moja kwa miche. Ioze kwanza shimoni pamoja na mabua na nyasi.

Kipimo: debe moja la mbolea vunde kwa kila mita mraba, kila msimu. Changanya na udongo wa juu, kisha funika kitalu kwa nyasi kavu. Nyasi zinazuia jua kuvuta chumvi juu, halafu nazo zitaoza.

Pili: Angalia maji

Maji ya mvua hayana magadi. Kama kanisa au shule ina mabati, ombeni ruhusa mfunge gata na tangi. Miche kwenye kitalu itumie maji ya mvua kwanza, kwa sababu ikiwa michanga ndiyo dhaifu. Maji ya kisima yakiwa ya magadi, yatumieni kwa mimea iliyokomaa na yenye uvumilivu.

Tena, msinyunyize kidogo kidogo kila jioni. Maji ya juu juu yanaacha chumvi pale pale kwenye mizizi. Ni afadhali kumwagilia kwa kushibisha, kisha kupumzika siku kadhaa. Vitalu viwe vimezama kidogo chini ya usawa wa ardhi, maji ya mvua yaingie na kusukuma chumvi chini.

Tatu: Chagua mboga zinazovumilia

- Zinazovumilia zaidi: spinachi, bitiruti, mchicha (terere).
- Za katikati: kunde, sukuma wiki, kabichi, nyanya. Hizi zinataka mbolea vunde ya kutosha.
- Zinazosumbuka haraka: maharagwe, vitunguu, karoti, viazi.

Mtaona kwamba kikundi chetu kilichagua mbili za mstari huu wa mwisho. Mama anayetaka vitunguu na karoti hata hivyo, apande kwenye gunia. Jaza gunia udongo mzuri kutoka mahali pengine uliochanganywa na mbolea vunde, katikati weka safu ya kokoto ya kupitishia maji, na umwagilie kwa maji ya mvua.

Nne: Mbolea za dukani

Kama kikundi kina uwezo wa kununua, ulizeni salfeti ya amonia. Inaleta naitrojeni na kuongeza uchachu kidogo. Urea ikimwagwa juu ya udongo wa magadi, sehemu yake hupotea hewani, hata harufu unaisikia. Ukiitumia, ifukie na umwagilie. Pale majani machanga yamekuwa manjano tayari, agroveti wanauza mbolea ya kunyunyizia majani yenye chuma na zinki. Hiyo inasaidia mmea ulioko, lakini haiponyi udongo. Fuata kipimo cha pakiti, na unyunyizie jioni.

Tano: Kwa udongo wa sodiamu

Wale ambao bonge lao lilichafua maji, mbolea vunde peke yake huenda isitoshe. Kuna jasi, ambayo huchimbwa papa hapa Kajiado. Jasi si chokaa, msichanganye hivyo viwili. Inafukuza sodiamu kutoka kwa udongo, na sodiamu hiyo lazima isukumwe chini kwa maji mazuri mengi. Bila maji hayo na mahali pa kuyatorosha ni pesa bure. Kwa hiyo msinunue jasi kabla ya maabara kusema ni kiasi gani.

7. KIKUNDI KIKO WAPI LEO?

Mweka hazina alirudishiwa ufunguo. Walianza upya na vitalu vinne tu, si shamba lote. Msimu wa kwanza walipanda mchicha na spinachi, wakala nyumbani, ziada wakauza kwa majirani. Msimu wa pili wakafunga gata kwenye mabati ya kanisa. Msimu wa tatu sukuma ikakubali, kijani kibichi, na wakaanza kurudisha pesa za mzunguko. Maharagwe bado yanakataa. Wameamua kuyanunua sokoni kwa pesa za spinachi, na hilo si jambo la aibu.

Udongo haukupona kwa siku moja. Ulipopimwa tena baada ya misimu hiyo mitatu, ulikuwa bado juu ya 8. Lakini jembe linaingia, maji hayasimami, na kuna nyungunyungu ambao hawakuwapo.

8. TUTAFAKARI PAMOJA

Someni Injili ya Luka 13, 6–9. Mwenye shamba alikuwa amekuja miaka mitatu kutafuta tunda kwenye mtini bila kupata, akataka ukatwe. Mtunza shamba hakubisha kwamba mti hauzai. Aliomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kuutia mbolea. Hakuuliza nani ameuroga. Alishika jembe.

Kikundi nacho ni mti wa namna hiyo. Kabla ya kukikata, tuchimbe kwanza tuone shida iko wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika bustani zetu, majani yanayoanza kuwa manjano ni ya chini au ya juu?
2. Majivu ya jikoni na maji ya kufulia tunayamwaga wapi?
3. Maji yetu yamewahi kupimwa? Nani atafuatilia jambo hilo, na lini?
4. Kuna ushauri gani tuliopokea kutoka kwa wageni, hata kutoka kwetu sisi wa kanisa, bila kuuliza kama unafaa udongo wa hapa?
5. Je, kuna mwanakikundi tuliyemlaumu kwa hasara ambayo haikuwa yake? Tutamrudishiaje heshima yake?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja alete bonge la udongo wa kwake kwenye karatasi. Mwenyekiti alete bilauri, katibu alete siki, na mwenye tangi alete maji ya mvua. Fanyeni majaribio mawili pamoja na mwandike majibu kwenye daftari la kikundi. Afisa wa kilimo akija, mpeni daftari hilo kabla hajasema neno. Na sisi tukija, tuonyesheni daftari kwanza. Tukianza kushauri kabla ya kulisoma, mtukatize.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.